Kwa Walimu Wenzangu wa Fizikia: Kwanta Tuiseme Ilivyo

Ndugu wanachama,

Katika kikao chetu kilichopita mwenzetu mmoja aliuliza kama ni kazi yetu kuwajibu wanaouza bangili za kwanta, maji ya kwanta na uponyaji wa kwanta, au tubaki na silabasi yetu. Muda ulikuwa umekwisha, watu wanawahi magari, swali likabaki mezani. Nimelichukua mimi. Naamini ni kazi yetu, na naamini mpaka sasa tumeifanya vibaya. Nianze na ubaya wangu mwenyewe.

Shangazi yangu anaishi Muheza. Ana miaka 67 na amekuwa akitumia vidonge vya presha kwa muda mrefu. Mwaka juzi jirani alimpeleka kwenye ukumbi wa kukodi karibu na stendi, ambako kijana mmoja nadhifu alimuuliza umri, urefu na uzito, akamwambia ashike kirungu cha chuma kiganjani kwa dakika moja. Dakika ilipokwisha, kompyuta ikatoa ripoti ya kurasa nyingi: ini, figo, mifupa, moyo, macho, kila kimoja na namba yake hadi desimali ya tatu. Kijana akamweleza kwamba mashine ni ya kwanta, kwamba inasoma mitetemo ya seli, na kwamba mitetemo yake imeshuka. Akauziwa vichupa vitatu vya virutubisho kwa shilingi 180,000, pamoja na kidani cheusi cha kuvaa shingoni ili mitetemo ipande.

Aliponionyesha ripoti ile, aliitoa ndani ya bahasha ya kaki alimohifadhi hati ya shamba lake. Hilo peke yake lingetosha kuniambia niongee naye vipi. Halikuniambia kitu. Nilicheka. Nikasema ametapeliwa, nikageuza bahasha na kuanza kumwandikia mlinganyo kwa nyuma. Shangazi akaichukua mkononi mwangu taratibu, akasema, "Haya mwanangu, nyinyi ndio mliosoma," akaenda kupakua chakula.

Miezi minne baadaye tuliitwa hospitali usiku. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Alikuwa ameacha vidonge na kuendelea na vichupa, ambavyo alivinunua kwa siri ili nisijue. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini jambo hili limenikaa kifuani: katika ukoo mzima ni mmoja tu aliyeisomea kwanta, na shangazi alipomletea swali, yule mmoja akamfungia mlango.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza yule kijana alikuwa na nini nisichokuwa nacho. Subira alikuwa nayo, na heshima ya kumwita mama. Ila zaidi ya yote alikuwa na Kiswahili. Sisi tunafundisha kwanta kwa Kiingereza, kidato cha sita, wiki mbili kabla ya mtihani, na mwanafunzi anaondoka na fomula asizoweza kumwelezea mama yake. Mtaani neno hilohilo linahubiriwa kwa Kiswahili kitamu, kuanzia redioni hadi kwenye mabasi. Wametutangulia katika lugha yetu wenyewe, na kila siku tunayonyamaza maneno yanazidi kuhamia kwao.

Tazameni neno *nguvu*. Darasani tunajitahidi kutenga kani, nishati na kazi. Nje ya darasa *nguvu* ni za kiume, ni za giza, ni za Mungu, ni za umeme, ni za ugali wa dona. Mtu akisikia kwamba kwanta ni elimu ya nguvu ndogo zisizoonekana, tayari ana chumba kichwani cha kuziweka, na chumba hicho kina wapangaji wa siku nyingi. Hajakosea kwa ujinga. Amefanya kile ambacho kila msikilizaji makini hufanya, amelipokea neno geni kwa maneno aliyonayo. *Mtetemo* nao umekuwa hivyohivyo, na *nishati hasi* sasa ina maana ya jirani mwenye kinyongo.

Kwa hiyo tunapoanza kueleza, tuanze na yale ambayo mtu huyo ameyapata sawasawa. Amesikia kwamba dunia ya vitu vidogo haifanani na hii tunayoishika, na hilo ni kweli. Max Planck alipowasilisha hesabu yake mjini Berlin tarehe 14 Desemba 1900, alilazimika kukubali kwamba nishati ya mwanga hubadilishwa kwa mafungu yasiyogawanyika, na mwenyewe alikuwa mhafidhina asiyependa mapinduzi. Miaka mitano baadaye Einstein akasema mwanga wenyewe ni mafungu. Mwaka 1925, akiwa kwenye kisiwa cha Helgoland, Werner Heisenberg alipata hesabu iliyoachana kabisa na habari ya elektroni kuzunguka kama sayari. Miaka 100 ya kazi ile iliadhimishwa duniani kote mwaka 2025, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa sayansi ya kwanta, na nchi iliyowasilisha rasimu ya azimio hilo ilikuwa Ghana. Watu wetu wajue hivyo. Elimu hii si ya ukoo fulani wa Ulaya, wala si siri iliyofichwa hadi alipokuja muuza vidani. Imo katika taa za LED wanazonunua dukani, katika simu zao, katika paneli ya sola juu ya bati.

Baada ya hapo tuwe tayari kuyaacha maneno matamu tunayoyapenda wenyewe. Hapa ndipo penye ugumu, kwa sababu mengi ya maneno wanayouza mtaani yalitoka vinywani mwetu.

"Mtazamaji huumba uhalisia." Mara ngapi tumeisema darasani ili watoto waamke? Nami nimeisema. Kwa Kiswahili ni mbaya kuliko kwa lugha nyingine, maana *mtazamaji* kwetu ni mtu, mwenye macho, aliyekaa mbele ya televisheni. Msikilizaji hana njia ya kuelewa ila kwamba akili ya mtu ikielekezwa mahali, vitu hubadilika. Kutoka hapo mpaka "fikiria utajiri nao utakuja" ni hatua moja.

Tuseme kinachotokea hasa. Mwaka 1989 huko Japani, Akira Tonomura na wenzake walipeleka elektroni mojamoja kwenye kifaa kinachozipa njia mbili za kupita, kisha wakazipokea kwenye skrini. Kila elektroni ilifika kama nukta moja, mahali pasipotabirika. Nukta za mwanzo zilionekana zimemwagika ovyo kama mtama uani. Zilipofika maelfu, mistari ikajitokeza, hafifu na mizito kwa zamu, mistari ambayo haiwezi kupatikana ila njia zote mbili ziwe zimehesabika. Huo ndio ugeni wenyewe, na hauhitaji chumvi. Sasa, mistari ile hupotea iwapo mahali popote imebaki alama inayoonyesha elektroni ilipita wapi. Alama hiyo haihitaji mtu wa kuisoma. Huko Vienna, mwaka 2003, watafiti walitumia molekuli za kaboni zenye atomu 70 kila moja, kisha wakaruhusu gesi kidogokidogo ndani ya chombo kilichokuwa kitupu. Kadiri gesi ilivyoongezeka ndivyo mistari ilivyofifia, kwa kiwango kilekile nadharia ilichotabiri. Molekuli ya gesi haina macho wala nia. Imeigonga ile molekuli ya kaboni ikaondoka na habari zake, basi.

Ndiyo maana napendekeza tuliache neno *mtazamaji* tuseme *kuachiwa alama*. Nimelijaribu kwa wanafunzi na kwa watu wa mtaani kwangu. Mtu wa Pangani anayejua nyayo za kaa mchangani huelewa papo hapo kwamba alama ipo hata kama hakuna aliyeiona.

Lakini uaminifu una upande wa pili, na hapa tusijikweze. Wazo la kwamba fahamu ya mwanadamu inahusika halikubuniwa na matapeli. Eugene Wigner, aliyepata Nobeli mwaka 1963, aliliandika waziwazi mwaka 1961, na baadaye akaliacha. Schrödinger alisoma maandiko ya Kihindu kwa mapenzi makubwa. Fritjof Capra, mwanafizikia aliyesomea kazi yake, aliandika kitabu mwaka 1975 akilinganisha fizikia mpya na dini za Asia, na kikasomwa mno. Alipokuja Deepak Chopra na kitabu chake cha uponyaji wa kwanta mwaka 1989, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Mtu akituambia, "Lakini wanafizikia wenyewe wamesema," tusimkatalie. Baadhi walisema.

Na mpaka leo wanafizikia hawajaafikiana nini hasa hutokea pale yanapowezekana mengi na kuonekana moja. Wapo wanaofuata njia ya Niels Bohr, wapo wanaofuata David Bohm aliyeandika mwaka 1952, wapo wa Hugh Everett wa mwaka 1957 wanaosema matokeo yote yanatokea na sisi tumo katika tawi mojawapo. Tuyaseme haya bila woga. Tukiyaficha, mtu atayakuta kwingine, na atadhani tulimficha mengine pia.

Ila tukishamwambia hivyo, tumwonyeshe mahali ambapo pande zote hizo zinakutana. Max Born, mwaka 1926, alitoa kanuni ya kupata uwezekano wa kila tokeo. Chukua kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu. Ukituma fotoni mojamoja, kila moja itapita au itarudi, na katika fotoni nyingi mgawanyo utakuwa nusu kwa nusu. Wafuasi wa Bohr watakupa nusu. Wa Bohm watakupa nusu. Wa Everett watakupa nusu. Hata ungemfuata Wigner alipokuwa bado anaamini, angekupa nusu ileile. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha nafasi katika hesabu ya kuingizia matamanio ya mtu. Shangazi anapoambiwa kwamba kwanta inamruhusu kuvuta afya kwa kuiwaza, anaahidiwa usukani ambao gari hilo halina, hata kwa mujibu wa mafundi wake wanaobishana juu ya mengine yote.

Habari ya paka wa Schrödinger nitaipita haraka. Mwaka 1935 aliitunga ili kuonyesha kwamba kuna kitu hakijakaa sawa tukiupeleka mfano wa vitu vidogo moja kwa moja kwa vitu vikubwa. Sisi tumeigeuza kuwa ushuhuda kwamba paka kweli yuko hai na mfu kwa wakati mmoja. Ni afadhali kutoisimulia kabisa kuliko kuisimulia nusu.

Vilevile kufungamana kwa chembe. Ni kweli kwamba chembe mbili zilizotokea pamoja zinaweza kuonyesha ulinganifu, hata zikiwa mbali sana, ambao hauelezeki kwa kudhani kila moja ilibeba majibu yake mfukoni tangu mwanzo. John Bell alionyesha mwaka 1964 jinsi ya kulipima jambo hilo, na Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Nobeli mwaka 2022 kwa kulipima. Lakini aliye upande huu, akitazama matokeo yake peke yake, anaona bahati nasibu tupu, na aliye upande ule vivyo hivyo. Ulinganifu hujitokeza pale tu wanapokutanisha madaftari yao kwa njia ya kawaida, kwa simu au barua. Hakuna ujumbe uliopita, hakuna joto, hakuna uponyaji. Anayetoza pesa kumponya mtu aliye Muscat akiwa amekaa Tanga, kwa jina la kufungamana, hajui au hasemi sehemu hii ya pili.

Nirudi kwenye *nishati*, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaponasa. "Kila kitu ni nishati" inasikika kama fizikia, na Einstein hutajwa. Mimi sasa naeleza hivi: nishati ni kama salio katika daftari la muuza duka. Daftari linakuambia kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa siku lazima hesabu ikubali. Salio si roho ya duka. Na alama ya kutoa mbele ya namba haina ubaya wowote. Elektroni ya haidrojeni katika hali yake ya chini ina nishati ya elektrovolti −13.6. Maana yake ni kwamba imefungwa kwenye kiini, na kuifungua kutagharimu elektrovolti 13.6, hivyo tu. Nilipomweleza mama mmoja muuza vitenge, aliuliza, "Kwa hiyo ni deni?" Sijapata mwanafunzi aliyelisema vizuri zaidi.

Kuna pia suala la ukubwa. Kila kitu kina urefu wa wimbi lake, hilo de Broglie alilisema mwaka 1924, na muuza bangili hulirudia. Basi tukokotoe. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100 ina wimbi la karibu nanomita 0.12, sawa na ukubwa wa atomu, ndiyo maana inaonyesha mistari ikipita katika fuwele. Chungwa la Muheza la gramu 200, likirushwa kwa mita 10 kwa sekunde, lina wimbi la mita 3.3 × 10⁻³⁴. Protoni moja ni kubwa kuliko wimbi hilo kwa zaidi ya mara bilioni bilioni moja. Mwili wa mtu ni mzito kuliko chungwa, una joto, unagongwa na hewa kila upande na kuacha alama kila mahali. Kwanta imo mwilini, katika kila kifungo cha kemia kinachoushikilia, na wapo wanaochunguza kwa bidii kama ndege wanaohama hutumia kitu cha namna hiyo kuhisi usumaku wa dunia. Ila mwili mzima hauwi wimbi moja linaloitikia wazo.

Kuhusu mashine ya kirungu, tusiishie kusema ni uongo. Tulinganishe na mashine inayoitumia kwanta kweli. Mashine ya MRI husoma viini vya haidrojeni mwilini, na ili ifanye hivyo inahitaji sumaku ambayo kwa kawaida ni ya tesla 1.5, zaidi ya mara 30,000 ya usumaku wa dunia, chumba maalumu, na mtu alale humo kwa dakika nyingi. Kirungu kiganjani hakina hata kimoja cha hivyo. Baada ya shangazi kutoka hospitali nilikwenda kwenye ukumbi kama ule, mji mwingine, nikajipima mara mbili kwa muda wa saa moja, mara ya pili nikiongeza miaka 30 kwenye umri wangu. Ini langu lilizeeka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwenye mashine naye aliishangaa ripoti. Sikumgombeza. Alikuwa kijana aliyemaliza chuo bila ajira, na alikuwa ameinunua mashine ile kwa mkopo akiiamini.

Vidani ni habari nyingine, kwa sababu vingine vina hatari. Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia na mionzi iliwaonya wananchi wasivae bidhaa kumi zilizopimwa na kukutwa zikitoa mionzi ya kuayonisha. Miongoni mwake kulikuwa na kidani kilichouzwa kwa jina la kwanta, na bangili ya mtoto. Mionzi ile ilikuwa hafifu, ila kitu kinachokaa juu ya ngozi usiku na mchana kwa miaka kinaweza kuidhuru. Wanachama wenye kihesabio cha Geiger maabara kwao, tafadhali, watangazieni watu walete vidani vyao vipimwe bure. Mtu akisikia kifaa kinavyolia kikisogezwa karibu, hahitaji hotuba.

Sasa neno la imani, ambalo najua baadhi yenu mngependa niliruke. Wengi wanaovutwa na kwanta ya mtaani hawatafuti pesa wala muujiza wa bei rahisi. Wanatafuta uthibitisho kwamba wao si vumbi tu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mgonjwa au mfiwa akipewa sayansi inayosema roho ipo, ataishika. Tukimpokonya hiyo kwa kejeli, anasikia tumempokonya Mungu wake. Hatuna ruhusa ya kufanya hivyo, na fizikia haijatupa. Wala hatuna ruhusa ya kumpa Mungu kupitia mlinganyo. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji aliyekuwa wa kwanza kueleza kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja iliyobanana, alikuwa na kila sababu ya kufurahi pale Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji katika hotuba ya mwaka 1951. Hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya swali la dini, na kwamba mtu yuko huru kuamini au kutoamini akiwa nayo mkononi. Alisali na alikokotoa. Mimi naswali, na najua kati yenu wapo wa kanisani na wapo wasioamini. Sote tunaweza kusema maneno ya Lemaître bila kudanganya.

Mwisho nina ombi la vitendo. Tusimwendee mtu na maneno matupu. Twende na kitu anachoweza kukishika na kukirudia mwenyewe tukishaondoka.

Tasbihi au rozari zinazong'aa gizani zinauzwa nje ya misikiti na makanisa. Omba ruhusa kwa mwenyewe, maana ni kitu cha ibada, kisha iweke ndani ya giza mpaka ififie kabisa. Imulike kwa LED nyekundu, kali uwezavyo, dakika tano. Zima. Haing'ai. Imulike kwa LED ya buluu, hata dhaifu, sekunde chache. Inang'aa. Wingi wa mwanga mwekundu haukusaidia, kwa sababu kila fungu lake lina karibu elektrovolti 1.9 na halifikii kinachohitajika, wakati fungu la buluu lina karibu 2.7. Ni kama ukuta na watoto mia, kila mmoja akiruka nusu ya kimo cha ukuta: wawe wengi namna gani, hakuna anayevuka. Hapo mtu ameiona kwanta kwa macho yake, chumbani kwake, na kitu chake mwenyewe.

Na unywele. Hili nililifanya kwa shangazi Agosti iliyopita, baada ya Isha, umeme ukiwa umekatika. Nilikuwa na kalamu ya leza nyekundu ya kuelekezea ubaoni. Nilimwomba unywele mmoja, akavua ushungi kidogo akaung'oa, mweupe. Nikaubandika kwa gamu mbele ya tundu la leza, nikaisimamisha juu ya kopo la sukari mita tatu kutoka ukutani. Badala ya nukta moja ukutani ukatokea mstari wa vipande vyekundu, vikiwa vimepangwa kwa nafasi sawa, kila kimoja na mwenziwe sentimita mbili na nusu. Nilimpa rula apime mwenyewe. Kisha nikamfanyia hesabu kwa sauti, polepole: urefu wa wimbi, nanomita 650, mara mita 3, gawanya kwa sentimita 2.5. Unywele wako, shangazi, una unene wa karibu milimita 0.08.

Akauliza, "Na nikikupa wa mtoto?" Tukaita mjukuu. Vipande vikaachana zaidi, maana unywele ni mwembamba zaidi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ile mashine haikunipa rula."

Nikamweleza kwamba mwaka 1909 Mwingereza kijana, Geoffrey Taylor, alifanya karibu jambo hilihili kwa sindano badala ya unywele. Alififisha mwanga hata picha moja ikachukua karibu saa 2,000, mwanga hafifu kiasi kwamba, kwa tunavyojua leo, ni nadra mafungu mawili kuwa njiani pamoja. Mistari ilitokea ileile. Shangazi akataka kujua: kama kila fungu lilipita peke yake, lilijuaje pa kwenda ili mistari ikamilike?

Nilimwambia kwamba hesabu tunayo na haijawahi kukosea, na kwamba watu wenye Nobeli bado wanabishana juu ya jibu la swali lake. Hakuonekana kuvunjika moyo. Alisogeza kiti karibu na ukuta, akaniambia niiache leza iwake kidogo.

Kikao chetu kijacho kila mmoja aje na kalamu ya leza, LED mbili, na sentensi moja ya kwanta aliyokuwa akiisema darasani ambayo sasa anataka kuirekebisha, iwe imeandikwa kwa Kiswahili. Kopo la sukari nitaleta mimi.

Wenu katika kazi,
Mwanachama mwenzenu, Tanga